Wasichana na Kazi za Mitambo

Kabla mwaka huu haujaisha wadogo zetu wa Kidato cha Pili watapewa karatasi wachague masomo watakayoendelea nayo katika Kidato cha Tatu. Karatasi yenyewe ni ndogo, na kuijaza hakuchukui hata dakika tano. Walakini dakika hizo zaweza kuamua kazi ya mtu kwa miaka arobaini. Kwa hiyo nimemwomba mhariri nafasi nieleze habari ya wasichana na masomo ya mitambo, ili kila atakayeijaza karatasi ile aijaze akijua anachokifanya.

Tulipokuwa Kidato cha Pili, wote tulisoma Fizikia, wavulana kwa wasichana. Tulipovuka kwenda Kidato cha Tatu wasichana wengi waliiacha, na leo sisi tuliobaki twatosha kuzunguka meza mbili tu za maabara. Nimewauliza wenzangu sababu. Mmoja alijibu, "Ile ni kazi ya wanaume." Wa pili alisema kaka yake alimwambia ya kuwa hesabu zake zitamshinda. Wa tatu alisema hakujua kwamba akiiacha Fizikia ataacha na mambo mengine mengi nyuma yake. Hakuna hata mmoja aliyesema kwamba halipendi somo lenyewe. Jambo hilo ndilo lililonitia kuandika.

Kwanza nieleze mlango wenyewe ulivyo. Mtu asiyefanya mtihani wa Fizikia katika Kidato cha Nne hawezi kuingia Kidato cha Tano katika mchepuo wa Fizikia, Kemia na Hesabu. Na asiyepita huko ni shida kwake kusomea shahada ya uhandisi, iwe ya umeme, ya majengo au ya mashine. Kadhalika vyuo vya ufundi, kama Taasisi ya Teknolojia ya Dar es Salaam, ambayo ilianza mwaka 1957, au Chuo cha Ufundi Arusha, kilichoanza mwaka 1978, katika kozi nyingi za uhandisi hutazama kwanza alama za Fizikia na Hesabu. Vyuo vya VETA hupokea watu wa elimu mbalimbali, na huko pia ufundi mwema hupatikana. Lakini njia ya kuwa mhandisi huanzia katika karatasi ile ndogo, na aliyeiacha njia hiyo akiwa na miaka kumi na mitano huona taabu kubwa kuirudia akiwa na ishirini.

Sasa tuliangalie lile neno la kwanza, kwamba hii ni kazi ya wanaume. Je, ni kweli? Tutazame kompyuta, kwa maana ndiyo mashine inayotajwa sana siku hizi. Neno hili limetoka katika Kiingereza, na zamani halikuwa jina la mashine. Lilikuwa jina la mtu aliyeajiriwa kupiga hesabu ndefu kwa kalamu na karatasi, na baadaye kwa mashine ndogo ya mezani. Tena wengi wa watu hao, katika nchi kama Marekani, walikuwa wanawake.

Hata kabla ya mashine yenyewe kuwapo, mwanamke alikwisha kufikiri namna ya kuitumia. Huko Uingereza Charles Babbage alibuni mashine kubwa ya kupiga hesabu, ambayo ingepokea amri zake kutoka kwa kadi zenye matundu, mfano wa zile zilizotumika katika mitambo ya kufuma nguo. Mwaka 1843 Ada Lovelace, ambaye mama yake alihakikisha anafundishwa hesabu tangu utoto, alitoa maelezo marefu ya mashine hiyo. Ndani yake alionyesha hatua kwa hatua jinsi ya kuiamuru ifanye hesabu fulani ngumu. Babbage alikufa mwaka 1871 bila kuimaliza mashine, lakini maelezo yale yakabaki.

Hapa yafaa nieleze maana ya programu, kwa kuwa wengi huliogopa neno hilo bila sababu. Programu ni orodha ya amri zilizopangwa kwa taratibu, moja baada ya nyingine, bila kuruka hata moja. Mashine haina akili ya kukisia. Hufanya lile iliyoambiwa, basi. Mama wa pwani anayesuka ukili wa mkeka ajua sana jambo hili. Huhesabu kindu zake, hupitisha moja juu ya mbili, hurudi chini ya mbili, na kurudia vivyo hivyo mpaka nakshi itokee. Akikosea hesabu mahali pamoja, nakshi yote hupotoka, naye hufumua mpaka palipo na kosa. Mwandishi wa programu hufanya mfano wa hayo: hutafuta amri iliyokosewa, huitengeneza, kisha hujaribu tena. Sidhani kwamba mtu aliyezoea kuhesabu kindu mia bila kukosea aweza kuambiwa kuwa kichwa chake hakifai kwa kazi hiyo.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, mwezi wa Februari 1946, Marekani ilionyesha watu mashine iliyoitwa ENIAC, katika mji wa Philadelphia. Ilikuwa na uzito wa karibu tani 30, na taa za umeme za namna ya zile za redio za zamani zilizopata 18,000. Hesabu ya njia ya kombora la mzinga, ambayo mtu angeifanya kwa zaidi ya siku nzima ya kazi, mashine hii iliimaliza kwa nusu dakika. Nani walioipa amri? Walikuwa wanawake sita: Kathleen McNulty, Jean Jennings, Betty Snyder, Marlyn Wescoff, Frances Bilas na Ruth Lichterman. Hapakuwa na kitabu cha kuwafundisha. Mwanzoni hawakuruhusiwa hata kuiona mashine, wakapewa michoro ya nyaya tu, wakajifunza kwa michoro hiyo. Na kuipa mashine ile amri hakukuwa kuandika. Ilikuwa ni kuchomeka nyaya na kugeuza swichi, mamia kwa mamia. Siku ya sherehe wakubwa walisifiwa na kula karamu, na wanawake wale hawakualikwa. Majina yao yalikaa miaka mingi bila kujulikana na watu.

Habari nyingine yatugusa sisi wa Afrika ya Mashariki kwa karibu zaidi. Katika mji wa Hampton, jimbo la Virginia, palikuwa na ofisi ya serikali ya Marekani ya kuchunguza mambo ya ndege, na baadaye ya vyombo vya anga. Tangu mwaka 1943 wanawake weusi waliajiriwa pale kupiga hesabu, nao walitengwa katika chumba chao kwa sababu ya sheria za ubaguzi. Mmoja wao, Dorothy Vaughan, alipoona mashine za umeme zinaletwa, hakungoja kazi imwishie. Alijifunza lugha ya kuziamuru, akawafundisha na wenzake. Mary Jackson alitaka kuwa mhandisi, lakini masomo ya jioni yaliyohitajiwa yalifanyika katika shule ya wazungu. Aliomba ruhusa maalum kwa wakuu wa mji, akasoma, na mwaka 1958 akawa mhandisi.

Wa tatu alikuwa Katherine Johnson, ambaye alikuwa mwalimu kabla ya kuingia ofisi ile mwaka 1953. Mwaka 1962 John Glenn alikuwa tayari kurushwa angani aizunguke dunia. Mashine ilikwisha kupiga hesabu za safari, lakini Glenn hakutosheka. Alitaka Katherine Johnson azipige upya kwa mkono, na zikilingana ndipo aende. Zililingana. Tarehe 20 Februari 1962 Glenn aliizunguka dunia mara tatu kwa muda wa karibu saa tano, akarudi salama. Na katika vituo vilivyowekwa kila upande wa dunia ili kumsikiliza njiani, kimoja kilikuwa hapa petu, Unguja. Hesabu za mwanamke mweusi wa Virginia zilipita juu ya minazi na mikarafuu yetu, na watu wa Unguja wakaishi karibu na mitambo iliyozisikiliza.

Basi kama kazi hii ilianza mikononi mwa wanawake wengi, imekuwaje ionekane ya wanaume? Mwanzoni kuziandikia mashine amri kulidhaniwa kuwa kazi ndogo, mfano wa ukarani. Ilipoonekana kuwa ina heshima na mshahara mwema, wanaume waliitaka, na wenye makampuni wakawatafuta wao. Halafu, kompyuta za nyumbani zilipoanza kuuzwa, zilitangazwa sana kama michezo ya wavulana. Mwaka 1984 huko Marekani, katika kila watu 100 waliopata shahada ya kompyuta, karibu 37 walikuwa wanawake. Mwaka 2011 walikuwa karibu 18. Twajua kwamba akili za wanawake hazikupungua nusu kwa muda wa miaka 27. Kilichogeuka ni desturi, na desturi iliyogeuzwa na watu yaweza kugeuzwa tena na watu.

Labda msomaji atasema kwamba hao ni watu wa nchi zenye mali na vyuo vikubwa. Haya, tuje kwetu. Huko Tilonia, katika jimbo la Rajasthan, India, kuna chuo kiitwacho Barefoot College, kilichoanzishwa mwaka 1972. Chuo hiki kimewafundisha akina mama wa vijijini kutoka nchi nyingi, Tanzania ikiwamo, kutengeneza taa na mitambo ya umeme wa jua. Wengi wao hawakujua kusoma, na baadhi yao walikuwa na wajukuu. Walifundishwa kwa miezi sita, kwa kutumia rangi na maumbo ya vipande na kwa kutazama mikono ya mwalimu, kwa kuwa hawakuwa na lugha moja. Baadaye mafunzo ya namna hiyo yakaanzishwa Kinyasini, Unguja. Wanawake hao walirudi vijijini mwao wakafunga taa katika nyumba zilizokuwa gizani. Ikiwa bibi asiyejua kusoma ameweza kuunga saketi, msichana aliyefika Kidato cha Pili aogope nini?

Sasa nitaeleza mahali tunapopotea, kwa maana haifai kuwasifu wa mbali na kunyamaza juu ya yaliyo hapa petu. Vyombo vya maabara ni vichache, hivyo tunafanya majaribio kwa makundi. Tazameni kundi lolote lenye wavulana na wasichana. Mara nyingi wavulana ndio wanaoshika betri, swichi na nyaya, na msichana hupewa daftari aandike majibu, kwa kuwa ati mwandiko wake ni mzuri. Hakuna aliyetoa amri hiyo. Imekuwa desturi tu. Mwisho wa kipindi wote wana majibu yale yale, na mwalimu aona kwamba wote wamefanya jaribio. Lakini mikono iliyojifunza ni ya baadhi yetu.

Madhara yake huonekana mwishoni. Mtihani wa taifa wa Fizikia una karatasi ya vitendo, na hapo kila mtahiniwa hukaa na vyombo vyake peke yake. Amita hupangwa katika njia ile ile ya umeme, nayo voltimita hushikizwa pande mbili za waya unaopimwa. Maneno haya ni rahisi kuyakariri. Lakini asiyewahi kuunga nyaya hizo huweka amita mahali pa voltimita, sindano ikaruka mpaka mwisho, naye akashikwa na hofu wakati saa inakwenda. Kosa kama hilo lafaa litokee darasani mwalimu akiwapo. Msichana akipata alama mbaya kwa sababu hiyo, watu husema, "Si tulisema Fizikia ni ya wavulana?" Basi desturi ikajipatia ushahidi, na wadogo zake wakaogopa zaidi.

Dawa yake si ya fedha nyingi. Bwenini tuna zamu ya kufagia na zamu ya kuteka maji, na kila jina limeandikwa ukutani. Tuwe pia na zamu ya kuunga nyaya. Aliyeandika leo, wiki ijayo aunge. Aliyeunga leo, wiki ijayo aandike. Wavulana nao watafaidika, kwa maana wako wanaojua kuunga na wasijue kuandika majibu katika jedwali. Waalimu wetu nawaomba, kwa heshima, wawe wakiuliza katika kila kundi, "Leo nani ameunga?" Swali hilo moja litafanya kazi kubwa.

Neno langu la pili ni kwa wazazi wetu. Grace Hopper, mwanamke wa Marekani ambaye mwaka 1952 alitengeneza mojawapo ya programu za kwanza za kugeuza maandishi ya mtu kuwa amri za mashine, alipokuwa na miaka saba alifungua saa ya mezani aone inavyokwenda. Alipofungua ya kwanza akashindwa kuirudisha, akafungua nyingine, mpaka zikafika saba. Mama yake hakumpiga marufuku. Alimwambia tu kwamba tangu siku ile awe na saa moja ya kuchezea. Katika nyumba zetu redio ikiharibika aitwaye kushika tochi na bisibisi aghalabu ni mtoto wa kiume, na baiskeli ikipasuka mpira ni yeye. Mtoto wa kike yuko jikoni au kisimani. Sisemi kazi za nyumbani ni aibu, na kila mtu hula. Nasema zigawanywe, na bisibisi nayo igawanywe, ili likizo isiwe ya vitabu kwa mmoja na ya ndoo kwa mwingine.

Tena baba ana nguvu kubwa katika jambo hili. Katika mji alikozaliwa Katherine Johnson hapakuwa na shule ya watoto weusi baada ya darasa la nane. Baba yake hakusema kwamba masomo yamekwisha. Kila mwaka wa shule aliihamishia familia yake katika mji wa Institute, mwendo wa karibu kilomita 200, ili watoto wake wasome. Wazazi wetu wa leo hawatakiwi kuhama. Ada ya shule za serikali ilifutwa kwa Kidato cha Kwanza hadi cha Nne tangu mwaka 2016, na kwa Kidato cha Tano na cha Sita tangu mwaka 2022. Katika miaka ya karibuni Serikali imejenga pia shule za wasichana za masomo ya sayansi mikoani. Nauli, sare na sabuni bado ni mzigo, nasi watoto wenu twajua mnavyojinyima. Linalotakiwa zaidi ni neno moja jema wakati binti anapouliza achague nini. Neno la mzazi likisema "huwezi", hakuna mwalimu atakayelifuta upesi.

Wako watakaosema kwamba kazi za mitambo zataka nguvu. Vitu vizito siku hizi huinuliwa na winchi, na programu haina uzito hata kidogo. Wengine watasema Fizikia ni ngumu. Naam, ni ngumu, tena ni ngumu kwa wavulana vilevile, na wote twaamka alfajiri kuitafuta. Wengine watauliza kama kazi zitapatikana. Siwezi kuahidi kazi, wala hakuna somo linaloahidi. Lakini tazameni nchi yetu. Bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji limejengwa kutoa megawati 2,115 za umeme, na umeme huo wataka watu wa kuulinda na kuugawa. Treni za umeme zinakwenda Dodoma tangu mwaka 2024. Fedha zinapita katika simu mpaka vijijini. Pampu, minara na mitambo ya hospitali yote huharibika na kutaka fundi. Kazi hizo zitafanywa na mtu, na si haki kwamba nusu ya watoto wa nchi waondolewe kabla hawajajaribu.

Wala sisemi kwamba kila msichana lazima awe mhandisi. Aipendaye Historia na aende na Historia, na aipendaye lugha vivyo hivyo. Taifa lawataka wote. Ombi langu ni kwamba achague kwa kupenda wala asichague kwa kuogopa.

Wadogo zangu wa Kidato cha Pili, karatasi ikija, msiijaze siku hiyo hiyo. Nendeni kwa mwalimu wa Fizikia mkamwulize somo hili lafungua kazi gani. Njoni na kwetu, kwenye zile meza mbili za maabara, mshike nyaya wenyewe. Mimi na wenzangu tutaondoka baada ya mtihani, na meza zile zitabaki. Twataka mwakani wasichana wasienee mezani, mpaka mwalimu atafute meza ya tatu.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne